Mkanda wa kitambaa unaohesabu pumzi za mbwa: jinsi ya kuushona, kuufunga na kuusoma

Bosi ana miaka tisa. Ni mbwa koko mwenye damu kidogo ya German Shepherd, tunaishi naye Dar es Salaam. Mwaka jana daktari wa mifugo alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisha akaniambia valvu moja ya moyo wake inavuja. Dawa zingekuja baadaye, alisema, ila kazi ya kwanza ilikuwa ya bure: kila usiku Bosi akishalala fofofo, nihesabu anapumua mara ngapi kwa dakika, niandike. Ikizidi 30 na ikabaki huko, nimpigie simu. Moyo ukianza kushindwa kazi, maji hujikusanya kwenye mapafu, na pumzi za usingizini huongezeka mapema, pengine hata kabla kikohozi hakijasikika.

Nilihesabu miezi miwili bila kukosa. Kisha nikasafiri, kazi nikamwachia mdogo wangu. Niliporudi nikakuta daftari limejazwa vizuri sana: 18, 18, 18, siku saba mfululizo. Hapo ndipo nilipoanza kushona mkanda.

Mwongozo huu ni wa mkanda huo wa kifua, wenye kihisi (sensa) cha kitambaa na mpira kinachohesabu pumzi za mbwa aliyelala. Ukijua kushika sindano, na umewahi kuwasha taa ndogo kwa Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu), utauweza. Ukijua kimoja tu kati ya hivyo viwili, tafuta mtu wa cha pili.

Kwa nini pumzi, na kwa nini kitambaa

Kumvalisha mbwa vihisi si jambo la leo. Laika, aliyerushwa angani na Wasovieti tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya Sputnik 2, alikuwa na vihisi vya pumzi na vya moyo mwilini. Kwa njia hiyo waliobaki ardhini walijua kwamba wakati wa kupaa mapigo yake yalitoka 103 yakafika 240 kwa dakika. Katika North Carolina State University, Alper Bozkurt na David Roberts wamekuwa wakitengeneza hanesi (mikanda ya kuvaa kifuani na mgongoni) za mbwa wa kazi zenye vihisi ndani. Mwaka 2020, kundi la Firat Güder pale Imperial College London lilionyesha kihisi laini cha silikoni na maji kinachosikiliza moyo na pumzi kupitia manyoya. Manyoya ndiyo adui mkubwa katika kazi hii: yananasa hewa, na hewa inameza sauti. Kihisi chao kinajikunja kufuata manyoya na kuisukuma nje hewa hiyo.

Nyumbani huna maabara, kwa hiyo chagua kipimo ambacho manyoya hayakiathiri. Umeme wa moyo unataka kihisi kiguse ngozi, na mara nyingi maana yake umnyoe mbwa na kumpaka jeli. Joto la ngozi chini ya manyoya si joto la mwili. Mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2, na kipimo cha kuaminika bado ni kipimajoto cha kuingiza nyuma. Pumzi ni jambo tofauti. Mbavu zikifunguka, mkanda unavutika, uwe juu ya manyoya au chini yake. Ndiyo maana naanza na pumzi, na kwa mbwa mwenye tatizo la moyo naishia hapohapo.

Kabla hujanunua chochote: hesabu kwa macho wiki nzima

Watu wengi huruka hatua hii. Mbwa akilala usingizi mzito, tazama ubavu: ukipanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Asiwe ametoka kukimbia, asiwe anatweta kwa joto, na miguu isiwe inarukaruka ndotoni, kwa sababu wakati wa ndoto pumzi huenda ovyo. Andika saa, idadi na hali ya hewa. Mbwa wengi wazima huwa chini ya 30 wakiwa wamelala, na wengi wako chini sana ya hapo. Bosi alikuwa kati ya 15 na 19.

Hiyo namba ya mbwa wako mwenyewe ndiyo mkanda utakayoilinda. Mkanda hautambui ugonjwa. Unachoweza kukuambia ni kwamba leo si kama jana.

Vifaa

- Kamba ya mpira inayopitisha umeme (mpira uliochanganywa na kaboni), unene wa milimita 2, urefu wa sentimita 15. Ukiikosa, kitambaa cha kuvutika kinachopitisha umeme, kilichokatwa upana wa sentimita 1, kitafaa.
- Mkanda wa pamba usiovutika, upana wa sentimita 4, kama ule wa mikoba.
- Lastiki laini yenye upana uleule, sentimita 12. Mimi nilikata kiuno cha leggings za mitumba. Ni laini kuliko lastiki mpya.
- Kitambaa cha pamba cha bitana, kifungio cha mkanda cha plastiki, velkro, zipu fupi.
- Bodi ya ESP32 (ndugu wa Arduino, mwenye Wi-Fi), kihisi cha mwendo MPU6050, resista ya kiloohmu 1, betri ndogo ya lithiamu yenye saketi yake ya kuchaji.
- Waya laini wa nyuzinyuzi. Waya mgumu wa uzi mmoja utakatika ndani ya wiki.
- Multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Kupima na kushona

Pima mzunguko wa kifua, vidole vitatu nyuma ya viwiko vya mbele. Usisogee karibu zaidi na kwapa, maana kila hatua atakayopiga kiwiko kitasukuma mkanda. Toleo langu la kwanza lilikaa pale kwapani, na Bosi akitembea kwenda kunywa maji mkanda ulihesabu pumzi 90. Usirudi tumboni pia. Kwa dume utamzuia kukojoa vizuri, na kwa yeyote tumbo lililojaa hubadilisha mkazo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa nilipoteza wiki mbili. Niliona akili kushona mkanda wote kwa lastiki, ili umkae mbwa vizuri. Nikapata mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nikailaumu programu, nikalaumu bodi, nikabadilisha waya. Kosa lilikuwa kwenye cherehani.

Piga hesabu. Kifua cha Bosi ni sentimita 68. Akivuta pumzi ya usingizini, kinaongezeka kama nusu sentimita. Mkanda wote ukiwa lastiki, nusu sentimita hiyo inagawanywa kwa sentimita 68, na kila kipande kinavutika kwa asilimia 0.7 tu. Kihisi hakioni kitu. Lakini mkanda ukiwa wa pamba usiovutika isipokuwa dirisha moja la lastiki la sentimita 8, nusu sentimita yote inaangukia dirishani, na hiyo ni asilimia 6. Mbwa ni yuleyule na pumzi ni ileile, ila ishara ni karibu mara tisa.

Basi kata mkanda wa pamba, acha pengo la sentimita 8, shona lastiki humo. Dirisha likae ubavuni kwa juu, si chini ya kifua anapolalia. Bosi hulala kwa ubavu wa kushoto, kwa hiyo dirisha lake liko kulia. Mchunguze wako analala vipi kabla hujakata.

Fundi wangu hakutaka mbwa asogee karibu na cherehani yake, nami sikumlaumu. Nilimpelekea vipimo kwenye karatasi pamoja na kanga kuukuu niliyoizungushia Bosi kifuani nikaichora kwa chaki. Ikatoka sawa kabisa. Mwombe fundi wako mishono ya dirishani iwe ya zigizaga. Mshono ulionyooka ukivutwa unakatika.

Mkanda mmoja peke yake hautakaa. Kifua cha mbwa hupungua kuelekea kiunoni, kwa hiyo mkanda hurudi nyuma taratibu. Ongeza mkanda mwembamba unaopita mbele, juu ya mfupa wa kifua na kamwe si kooni, uunganishe pande zote mbili. Kama tayari una hanesi inayomkaa vizuri, shona mkanda kwenye hanesi hiyo, umemaliza.

Mgongoni, katikati ya mabega, shona mfuko wa zipu wa bodi na betri. Pale ndipo mdomo wa mbwa haufiki. Waya zipite ndani ya bitana kwa mkato wa nyoka, zenye ziada kidogo, zielekee juu mgongoni moja kwa moja. Waya ulioachwa wazi ubavuni ni chakula. Betri ya lithiamu iliyotafunwa inaweza kuwaka moto mdomoni, kwa hiyo hapa usifanye mzaha.

Kufunga kihisi

Kamba ya mpira hailehemiki, joto la chuma cha kulehemu litaiunguza tu. Zungushia nyuzi za shaba kwenye ncha yake, ingiza kwenye kibanio cha waya cha chuma, bana kwa koleo. Kisha shona kibanio kwenye sehemu ya pamba, nje ya dirisha, ili mvuto wote uchukuliwe na kamba na si na kiungo. Viungo vilivyokaa juu ya lastiki hulegea, na kiungo kilicholegea hutoa ishara inayofanana sana na pumzi. Ndiyo hatari yake.

Kamba iwe imevutika kidogo hata mbwa akiwa ametoa pumzi yote. Ikilegea, sehemu ya chini ya kila pumzi inapotea. Mimi huivuta kama asilimia 10 zaidi ya urefu wake wa kupumzika kabla ya kushona ncha ya pili.

Chukua multimita, pima ukinzani mkanda ukiwa umefungwa. Kamba yangu ilisoma kama ohmu 1,100. Yako itakuwa na namba yake. Resista utakayotumia iwe karibu na namba hiyo.

Saketi

Ni kigawanyi cha volti, hakuna zaidi. Volti 3.3 iingie kwenye kamba ya mpira, kutoka kwenye kamba iingie kwenye resista ya kiloohmu 1, kisha kwenye pini ya ardhi ya bodi (GND). Pale kamba na resista zinapokutana, chukua waya upeleke kwenye pini 34 ya ESP32. Chagua pini hiyo au jirani zake wa kundi la kwanza la kusoma analogi, kwa sababu kundi la pili halisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Wengi wameumiza kichwa hapo.

Kwa ohmu 1,100 juu na 1,000 chini, utapata kama volti 1.57. Hapo ni katikati, na ESP32 husoma vizuri zaidi katikati kuliko karibu na sifuri au karibu na 3.3. Mbwa akivuta pumzi, kamba inarefuka kwa asilimia 6, ukinzani unapanda kwa kiasi kama hicho, na volti inashuka kama milivolti 50. ESP32 hugawa kipimo chake katika hatua 4,096, kwa hiyo ni mabadiliko ya hatua 60 hivi. Yanatosha, lakini bodi hii ina kelele zake, kwa hiyo soma mara 16 harakaharaka, chukua wastani, ndipo uite hilo somo moja.

Programu, kwa maneno

Chukua masomo 10 kwa sekunde. Mpira wa kaboni una tabia mbaya ya kurudi polepole: ukiuvuta na kuuachia, namba inaendelea kuteleza kwa muda. Ukiweka mpaka mmoja usiobadilika ("ikishuka chini ya 1,900 ni pumzi"), baada ya dakika kumi utakuwa unahesabu hewa. Dawa yake ni kuweka wastani wa sekunde 10 zilizopita na kuutoa kwenye kila somo jipya. Kinachobaki ni wimbi linalopanda na kushuka kuzunguka sifuri.

Hesabu pumzi moja pale wimbi linapovuka mpaka wa juu, mradi tangu pumzi iliyotangulia limeshawahi kushuka chini ya mpaka wa chini. Bila sharti hilo la pili, mtetemo mdogo karibu na mpaka utahesabiwa mara tatu. Mipaka hiyo iweke kwenye robo ya kimo cha wimbi la nusu dakika iliyopita. Pumzi mbili zilizokaribiana kuliko sekunde 0.7, itupe ya pili. Mbwa aliyelala hapumui hivyo.

MPU6050 ina kazi moja: kusema kama dakika hii mbwa alitulia. Mwendo ukizidi kidogo hali ya utulivu, dakika nzima itupwe. Usijaribu kuisafisha. Usiku una dakika nyingi, na ishirini safi zinatosha. Vivyo hivyo akitweta: kutweta hufika pumzi 200 hadi 400 kwa dakika, mkanda huu haukutengenezwa kwa hilo, nawe hukuhitaji mkanda kujua mbwa anatweta.

Bodi ihesabu yenyewe na kutunza mstari mmoja kwa dakika: saa, idadi, kimo cha wimbi, na alama ya safi au chafu. Kutuma kila somo kwenye simu kutamaliza betri bure. Kimo cha wimbi kitunze hata kama hukitumii leo, kwa sababu kikishuka siku hadi siku huku idadi ikibaki palepale, mkanda umelegea.

Kumzoeza mbwa

Siku tatu za kwanza mvalishe mkanda mtupu, bila bodi wala betri, dakika kumi wakati wa chakula. Ukiufunga, vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Mbwa akiganda kama sanamu hajazoea, amekubali kwa shingo upande. Vua, jaribu kesho. Bosi siku ya kwanza alisimama katikati ya uwanja robo saa akinitazama kama nimemwibia. Siku ya nne alikuja mwenyewe, kwa sababu mkanda ulishakuwa na harufu ya dagaa.

Kisha linganisha. Akilala na mkanda, mrekodi ubavu kwa video ya simu dakika moja, hesabu kwa macho, tazama mkanda umesema nini. Fanya hivyo mara kumi, siku tofauti. Tofauti ya pumzi moja au mbili inavumilika. Ikiwa mkanda unasema mara mbili kamili ya macho yako, unahesabu kuvuta na kutoa kama pumzi mbili. Rudi kwenye sharti la mpaka wa chini.

Matunzo

Vua mkanda usipokuwepo nyumbani. Saa mbili za usingizi wa jioni zinatosha kwa kazi hii, hakuna haja ya usiku kucha. Ukiuvua pitisha mkono chini ya manyoya: kupe wanapenda sana kivuli cha mkanda, na ngozi nyekundu maana yake umeubana. Osha kwa mkono, sabuni ya kawaida, bodi na betri vikiwa vimetolewa. Usitie jiki, usipige pasi, usiukamue dirishani. Anika kivulini, na kabla ya kuurudisha kazini pima tena ukinzani. Ukiwa umepanda sana, kamba imechoka, weka nyingine.

Kusoma namba

Kila jioni chukua dakika safi zote, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, andika ile ya katikati. Usitumie wastani, dakika moja ya ndoto itauharibu. Baada ya wiki mbili utakuwa na kawaida ya mbwa wako.

Joto la Dar lina mkono wake. Februari, feni ikiwa imezimika na unyevu uko juu, Bosi huongeza pumzi tatu au nne, kwa kuwa mbwa hatoi jasho la maana na kazi ya kupoa anaifanya kwa kuhema. Kwa hiyo andika joto la chumba pembeni ya namba. Namba ikipanda usiku wa baridi ina uzito mkubwa kuliko ikipanda usiku wa joto.

Zikipanda huku mbwa amekosa hamu ya kula na fizi zimepauka, fikiria pia homa ya kupe, ambayo kwetu huku haiko mbali. Chukua kipimajoto. Na usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.

Kwa mbwa wa moyo nafuata hivi: ikizidi kawaida yake kwa robo, usiku mbili mfululizo, nahesabu kwa macho. Macho yakikubaliana na mkanda, nampigia daktari, hata kama 30 haijafika. Ikifika 30 na kukaa, simsubiri asubuhi. Na akipumua kwa taabu akiwa macho, ameinyoosha shingo, hataki kulala chini, au ulimi na fizi vimegeuka rangi ya samawati, achana na mkanda, mpakie kwenye gari.

Juni iliyopita namba zilikwenda 17, 18, 17, 22, 23. Bosi alikuwa anakula, anabweka, anafukuza paka wa jirani kama kawaida. Nilihesabu kwa macho: 23. Nikampelekea daktari karatasi ya wiki tatu pamoja na video mbili za ubavu. Alitazama video kwanza, akasikiliza mapafu, ndipo akachukua karatasi na kuuliza zile alama za X ni nini. Nikamwambia ni dakika alizokuwa akiota.